Iliwaka Ukiwa Wapi? Taa ya injini ya dizeli kutoka Voi hadi Chawia

Matatu niliyopanda Mwatate kwenda juu Chawia ilikuwa na kipande cha utepe mweusi kwenye dashibodi, ule wa mafundi wa umeme, kimebandikwa vizuri kando ya geji ya kasi. Ukiinamisha kichwa unaona mwanga wa manjano ukivuja pembeni. Dereva hakuwa mzembe hata kidogo. Alipiga honi kila kona, akaegesha upande wa mlima kuwapisha waliokuwa wakiteremka, na kabla ya kuondoka alikuwa amekagua maji na oili mbele yetu. Utepe ule aliuweka kwa sababu taa ilishamchosha. Alikuwa ameilipia ifutwe kwa mashine Voi, ikarudi. Akailipia tena, ikarudi akiwa bado hajamaliza wiki.

Huku kwetu taa ya injini hushughulikiwa kwa njia tatu: hufunikwa, hufutwa, au kifaa kinachoiwasha hukatwa kikatupwa. Zote tatu huizima. Hakuna hata moja inayomuuliza shahidi alichokiona. Na taa ile ni shahidi, tena wa karibu sana, kwa kuwa kompyuta ya gari ilikuwepo wakati kosa linatokea na imeandika. Ninachotaka kusema katika makala hii ni kwamba kwa gari la dizeli linalofanya kazi kati ya Voi na milima ya Taita, swali la kwanza lenye faida ni hili: taa iliwaka gari likiwa wapi, likifanya nini?

Tuanze na rangi, maana hapo ndipo maisha ya watu yalipo. Taa nyekundu ya oili, ya joto la injini au ya breki ni amri ya kusimama. Oili ikikosa presha, injini inaweza kujisaga ikafa ndani ya dakika chache, na hakuna safari yenye thamani ya kuhatarisha hilo, labda ile ya kumwokoa mtu. Taa ya manjano yenye umbo la injini ni jambo jingine. Ikiwaka na kubaki, na gari halijabadilika sauti, nguvu wala joto, unaweza kuendelea taratibu hadi mahali salama. Ikiwaka na gari likakosa nguvu ghafla, ujue kompyuta imepunguza mafuta makusudi ili kuilinda injini. Usilikanyage kulilazimisha. Tafuta pembezoni panapofaa, liache lingurume bila mzigo dakika moja au mbili ili turbo ipoe, ndipo uzime. Ikiwa uko kwenye mteremko, usizime injini likiwa linatembea. Ukizima, breki zinakuwa nzito kama jiwe na usukani nao unagoma, na chini yako ni bonde.

Sasa barabara yenyewe. Voi iko chini ya mita 600 kutoka usawa wa bahari. Mwatate imepita 800. Msitu wa Chawia, ule uliobaki kama kipande kidogo cha misitu ya kale ya Dawida katika milima ya Taita, uko karibu mita 1,500. Maana yake ni kwamba gari linaloondoka Voi asubuhi linatembea tambarare hadi Mwatate, kisha katika kilomita chache tu linapanda mamia ya mita kwa gia ya kwanza na ya pili, likiwa na abiria, magunia na mitungi ya gesi. Hewa ya juu nayo ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa takriban asilimia 15, kwa hiyo turbo inafanya kazi zaidi kuleta hewa ileile.

Mlima huu ni mtihani ambao tambarare haiwezi kuutoa. Filta ya dizeli iliyoziba nusu inaweza kukubeba kutoka Mombasa hadi Voi bila neno, kwa sababu injini inayotembea kilomita 80 kwa saa kwenye barabara iliyonyooka haidai mafuta mengi. Ukianza kupanda, inadai. Pampu inavuta, filta haipitishi, presha inaanguka, na taa inawaka pale pale kwenye kona. Fundi akisoma kodi, ile namba ya kosa iliyoandikwa na kompyuta, anaona P0087, yaani presha ya mafuta iko chini ya inayotakiwa. Mpira wa hewa wa turbo uliopasuka hufanya vivyo hivyo: chini unasikika kama mluzi mdogo tu, mlimani gari linatoa moshi mweusi na kodi ni P0299, turbo haisukumi hewa ya kutosha. Mara nyingi dawa yake ni mpira mmoja au kibano chake, na nimeona watu wakiuziwa turbo nzima.

Taa inayowaka asubuhi juu Chawia, ukungu ukiwa bado umelala kwenye miti, ina habari nyingine. Hapo unauliza betri na plagi za kupasha joto. Betri dhaifu ni mwongo mkubwa kuliko wote: umeme ukishuka wakati wa kupiga stata, sensa zinatoa majibu ya ovyo na kompyuta inaandika kodi tatu au nne zisizohusiana. Kabla ya kununua sensa yoyote, pima betri na usafishe vichwa vyake. Taa iliyowaka baada ya mvua kubwa au kuvuka maji inakutuma kwenye soketi za nyaya na kwenye maji yaliyoingia katika dizeli. Iliyowaka siku moja baada ya sevisi inakutuma kwa yule aliyefanya sevisi, kwani huenda aliacha soketi ya sensa ya hewa bila kuirudisha. Na iliyowaka kilomita chache baada ya kujaza mafuta inakutuma kwenye tangi.

Hapa kwenye mafuta nitakaa kidogo, maana ndiko magari mengi ya dizeli huumia. Injini za zamani, kama 1HZ ya Land Cruiser ambayo bado inabeba wachimbaji kwenda machimbo ya Kamtonga, zina pampu ya chuma isiyojua kompyuta. Zilisamehe mengi. Injini za komon reli, zinazoongozwa na kompyuta, ambazo Bosch iliziingiza kwenye magari madogo mwaka 1997 na ambazo leo ziko ndani ya Hiace, Hilux, Prado na D-Max, husukuma dizeli kwa presha inayozidi baa 1,500, na nafasi iliyopo kati ya vyuma ndani ya nozeli ni ndogo mara nyingi kuliko unene wa unywele. Chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho ni jabali humo ndani. Dizeli ndiyo inayovilainisha vyuma hivyo. Mafuta ya taa hayawezi kazi hiyo.

Kwa miaka mingi mafuta ya taa yalikuwa rahisi kuliko dizeli nchini Kenya, na tofauti ile ya bei ilikuwa kishawishi kwa walaghai kuchanganya. Mwaka 2018 serikali iliweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa ili kuziba mwanya huo. Ushuru uliumiza nyumba zilizopikia stovu na kuwashia kandili, na hilo lisisahauliwe, lakini pampu za dizeli zilipumua. Hata hivyo dizeli ya madumu haijaisha. Mtu anayejaza kwenye dumu lililowahi kubeba maji, kisha akalimimina kupitia faneli yenye mchanga wa barabarani, anafanya kazi ya mlaghai bila kujua.

Yaliyonipata mimi yalikuwa ya aina hii. Nina pikapu ya dizeli ya mitumba. Ilinikatia nguvu juu ya Mwatate, taa ikawaka, nikateremka nayo pole pole. Fundi wa kwanza, ambaye simtaji, alichomeka mashine, akatazama kioo, akabonyeza, taa ikazima. Nikalipa. Nikamuuliza ilikuwa nini, akasema, "Ni sensa tu, mwalimu." Siku ya tatu, kona ileile, taa ileile. Nikamrudia, akafuta tena. Mara ya tatu nikaenda kwa kijana mmoja aliyekuwa akifanya kazi chini ya mwembe, na kabla hajagusa kitu akaniuliza, "Mwalimu, iliwaka ukiwa wapi?"

Nikamwambia. Akauliza ilikuwa gia ya ngapi, na kama ilishawahi kuwaka tambarare. Kisha akalegeza kiziba cha chini ya filta ya dizeli, akakinga kwa chupa ya soda iliyo wazi, akaiweka juani. Tulisubiri. Chini ya chupa likatulia tabaka la maji la unene wa kidole, na juu yake vipande vyeusi kama majani ya chai. Tulibadilisha filta, tukatoa tangi tukaliosha. Taa haikurudi. Kilichoniuma hakikuwa pesa za kufutia. Ni kwamba mara mbili zile, ushahidi ulikuwepo kwenye kioo cha mashine, ukafutwa kabla ya mtu kuusoma.

Wengi hawajui kwamba magari mengi yenye mfumo huu, kosa likitokea, huhifadhi pia picha ya hali ya wakati ule: injini ilikuwa ikizunguka mara ngapi kwa dakika, gari lilikuwa kwenye kasi gani, joto la maji lilikuwa nyuzi ngapi, mzigo wa injini ulikuwa kiasi gani. Ukifuta kodi, unafuta na picha. Pia makosa mengi hayawashi taa mara ya kwanza. Kompyuta hungoja yajirudie safari ya pili. Na kosa likiisha kweli, taa hujizima yenyewe baada ya safari kadhaa safi. Kwa hiyo fundi aliyerekebisha tatizo hahitaji haraka ya kufuta, na anayeharakisha kufuta nina mashaka naye. Kanuni yangu ni nyepesi: mashine isichomolewe kabla ya namba zote kupigwa picha kwa simu ya mwenye gari.

Kodi nayo isomwe kwa akili. Kodi hutaja mahali panapouma, haitaji kipuri cha kununua. P0087 ikionekana, kazi inaanzia kwenye vitu vya bei ya chini kwenda vya bei ya juu: filta, chujio la ndani ya tangi, mipira inayovuta hewa, kisha valvu ndogo iliyo kwenye pampu, ambayo kwa pampu za Denso ni mgonjwa wa mara kwa mara, kisha nozeli, na pampu yenyewe iwe ya mwisho kabisa. Nozeli hupimwa kwa njia ambayo fundi yeyote wa jua kali anaweza kuifanya: unaweka chupa nne zinazofanana, kila mpira wa marejesho, ule unaorudisha dizeli iliyozidi kutoka kwenye nozeli, kwenye chupa yake, unaiacha injini ingurume dakika chache, unalinganisha. Chupa iliyojaa kupita wenzake imekuonyesha nozeli inayovuja. Hakuna kompyuta hapo, na jibu lake ni thabiti. P0401, inayosema moshi unaorudishwa kwenye injini hautoshi, karibu kila mara ni masizi yaliyoganda kwenye EGR, valvu inayourudisha moshi huo, na njia za hewa. Kuna fundi atakayeziba EGR kwa kipande cha bati na kuita hiyo tiba; kwa kawaida bati hilo ndilo litakalowasha taa tena.

Niseme pia kwamba ushauri mwingi unaosambaa ni wa magari ya petroli. Ule wa kukaza kifuniko cha tangi ndipo taa izime una maana kwa petroli, yenye mfumo wa kunasa mvuke. Kwa dizeli ni kupoteza muda.

Sasa nije kwenye kinachokatwa. Mwaka 1999 Tokyo ilipata gavana, Ishihara Shintaro, aliyejulikana kwa kusimama mbele ya wanahabari akitikisa chupa ya plastiki iliyojaa masizi ya dizeli. Oktoba 2003 jiji hilo na majimbo ya jirani yakapiga marufuku magari ya dizeli yasiyofikia kiwango cha masizi kilichowekwa. Tangu hapo watengenezaji wa Japani walizidi kuweka chujio la masizi kwenye bomba la moshi, lile mafundi wote wanaloliita DPF. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane. Ukiunganisha mambo hayo mawili unapata jibu: karibu kila gari la dizeli linaloshushwa leo kutoka Japani bandarini Mombasa lina chujio hili, awe mnunuzi amelisikia au hajalisikia. Maneno kwenye dashibodi yameandikwa Kijapani. Taa inayomwambia "chujio linajaa, endesha kwa muda lijisafishe" anaiona kama ua tu.

Chujio hujisafisha kwa kuyachoma masizi kwa joto la kama nyuzi 600. Ili kufika huko, kompyuta huongeza dizeli kidogo na hutaka gari liendelee kutembea kwa kasi ya wastani isiyokatika, dakika 15 hadi 20. Tazama basi maisha ya gari la Chawia. Kupanda kunalipasha moto vizuri, lakini kunaisha mapema: unafika, unazima, unashusha mizigo, unasimama hapa na pale. Kurudi ni mteremko, mguu haumo kwenye akselereta, mafuta yamekatwa, moshi unapoa, kujisafisha kunakatika katikati. Kesho yake linaanza upya, linakatika tena. Dizeli ya ziada iliyokusudiwa kuchoma masizi, katika magari mengi, inapenya kando ya pistoni na kuteremka kwenye oili. Kwa hiyo mwenye gari la namna hii achungulie kijiti cha oili kila wiki. Oili iliyopanda juu ya alama bila mtu kuongeza ni oili iliyochanganyika na dizeli, na inapaswa kumwagwa siku hiyo hiyo.

Dawa ipo, na ni barabara. Kutoka Mwatate kuelekea Maktau na Taveta kuna lami iliyonyooka ambayo miaka si mingi iliyopita ilikuwa vumbi jekundu. Gari lenye chujio lililoanza kujaa likitembezwa huko nusu saa kwa kilomita 70 au 80, gia ikiwekwa chini kidogo ili injini izunguke, mara nyingi hujisafisha lenyewe. Fanya mchana, kwa sababu tembo wa Tsavo huvuka barabara ile, na ukisimama usiegeshe juu ya nyasi kavu: bomba linalotoka kujisafisha lina joto la kuwasha moto, na nyasi za huko wakati wa kiangazi hazihitaji zaidi ya hapo. Dizeli inayouzwa Kenya tangu Januari 2015 ilishushwa salfa hadi sehemu 50 kwa milioni, kiwango ambacho chujio linaweza kuishi nacho. Hivyo wanaosema "hizi gari si za mafuta yetu" wanarudia jambo lililokuwa kweli zamani.

Wengi wanachagua msumeno. Kopo la chujio linakatwa, vya ndani vinatolewa, linachomelewa likiwa tupu, na kompyuta inaandikwa upya isiwashe taa. Naelewa kwa nini. Chujio jipya ni ghali mno, na dereva wa matatu ana mkopo na karo ya watoto. Lakini sitasema ni sawa. Juni 2012 shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa, IARC, liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la vitu vinavyosababisha saratani kwa binadamu. Gari lililotobolewa linapopanda kona za juu ya Mwatate kwa gia ya kwanza, moshi wake unatoka kwenye kimo cha kifua cha mtoto wa shule anayetembea ukingoni mwa barabara. Watoto hao tunawajua kwa majina.

Kwa anayenunua, jambo moja linatosha kumwokoa. Ukiwa yadi Mombasa, washa swichi bila kupiga stata. Taa ya injini lazima iwake, kwa kuwa gari linajikagua, kisha injini ikishika izime. Isipowaka kabisa, mtu ameiondoa au ameinyamazisha, na chochote alichokuwa anaficha bado kimo ndani. Ondoka hata kama rangi inang'aa.

Mafundi wetu siwalaumu kwa jumla. Waliojifunza kwa sikio na kwa rangi ya moshi wana elimu ambayo mashine haina: moshi mweupe mzito wa asubuhi, wa buluu unaonuka oili, mweusi wa mlimani, bado unasema kweli. Kinachokosekana ni kukutanisha elimu hiyo na namba zinazosomwa kwenye kioo. Coast Institute of Technology iko Voi hapo hapo. Kozi fupi ya jioni kwa mafundi wa Voi, Mwatate na Wundanyi, ya kusoma kodi na picha ya kosa, kupima marejesho ya nozeli na kuelewa chujio, ingegharimu kidogo kuliko turbo zinazonunuliwa bure katika kaunti hii kila mwaka.

Kijana wa chini ya mwembe ana daftari la shule, lile la mistari. Kila gari lina ukurasa wake: tarehe, kodi, mahali taa ilipowaka, alichofanya, na kama ilirudi. Alinionyesha ukurasa wangu. Kwenye safu ya mahali ameandika "kona ya tatu juu ya Mwatate, gia 2, mzigo". Akageuza kurasa, akanionyesha magari mengine manne yaliyoandikwa kona ile ile. Mawili yalikuwa filta, moja mpira wa turbo. La nne lilikuwa matatu ya Chawia, na safu ya alichofanya ilikuwa bado wazi. "Huyu alikuja nikamsomea tu," akasema. "Aliniambia atarudi Jumatatu."